Disike Isiyogeuzwa

Tarehe 1 novemba 2001

Nina miaka sitini na nane. Karatasi ya Wabelgiji inasema sitini na sita, lakini karani aliyeiandika hakuwepo siku niliyozaliwa kule Kasongo. Mama yangu alikuwepo. Wabelgiji wameondoka, mimi niko. Nimeupita uasi wa mwaka wa sitini na ine, wazungu wa kukodiwa wa sitini na saba, na mulima Nyiragongo ulipomwaga moto sabini na saba. Nimekipita kipindupindu cha tisini na ine kilichomubeba Fatouma muke wangu. Nimepita vita ya tisini na sita, na hii ya tisini na nane ambayo walioileta wanatutawala hata leo. Wote walikuja na kelele. Mimi niko hapa Mapendo, mutaa wa Goma, na meno kumi na tisa kinywani, yangu yote.

Hiki ni kitabu cha njia. Kila dereva wa kweli alikuwa nacho: tarehe, mvua, njia, kilichovunjika. Niliandika vile miaka makumi ine na moja, Goma na Kisangani, Goma na Butembo, bila kupindua kamiyo, lori langu, hata mara moja. Anayesoma asicheke herufi zangu. Nusu nilizipata chuo cha Korani, nusu nilizisoma juu ya milango ya kamiyo. Kamiyo sina tena. Nimefungua kitabu kwa sababu moja: leo Kuluthumu, muke wa mutoto wangu Idriss, amesimama mbele yangu na kitambaa kichwani kama mutu anayeenda ofisi.

“Papa, nimetoka kwa sheikh.”

“Kufanya nini?”

“Anasema muke wa mutu aliyepotea anangoja miaka ine. Miye nimengoja mitano. Anataka tu neno lako. Useme mulimutafuta, hamukumupata. Kisha tufanye matanga.”

“Matanga ya nani?”

“Ya bwana yangu, papa.”

Nimemuambia matanga hufanywa penye maiti, aniletee maiti. Amerudi kutwanga sombe, majani ya muhogo. Naandika ili kesho mutu asiseme nilikubali. Sikukubali.

Tarehe 5 novemba

Mvua tangu asubuhi. Batri nzuri. Nimesikiliza.

Tarehe 6 novemba

Mvua. Nimesikiliza.

Tarehe 8 novemba

Kuluthumu ananiwekea chakula, anaondoka. Sombe haina chumvi. Ni makusudi.

Tarehe 11 novemba

Paulin Kambere amekuja na batri. Huyu ni Munande wa Butembo, mukatoliki, anachaji batri za watu kwa jenereta kule Ndosho. Kila juma ananisukumia yangu juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na kiti wala kanyagio. Leo mvua imemufungia kwangu, akasikiliza disike pamoja na mimi mpaka mwisho, kofia juu ya magoti kama yuko misa. Kisha akauliza:

“Muzee Useni, hawa watu wanaanza kuimba saa ngapi?”

“Hawaimbi.”

“Sasa wanangoja nini?”

Nilitaka kumutupa nje. Lakini batri ni yake anayeijaza, basi nikamueleza, na hapa nitaeleza mara moja tu.

Mwaka wa tisini na ine, kambi za wakimbizi zilipojaa, kulikuwa muzungu mumoja wa mizigo ya kambi aliyeleta radio zake kwa Idriss azitengeneze. Idriss alikuwa fundi wa radio, hakuna aliyemufikia Goma nzima. Akili aliirithi kwangu. Muzungu alipoondoka akamuachia fono, mashine ya kupigia santuri, na disike moja. Karatasi ya kuvalisha disike ni nyeusi yote, imejaa nyota, na pembeni kuna duara ndogo kama chungwa lililopotea. Hakuna nyimbo za kuhesabu. Ni sauti moja ndefu. Inaanza na upepo. Kisha kinanda kinapanda polepole kama ukungu wa mulima Kabasha asubuhi, wakati dereva haoni hata pua ya kamiyo yake. Ngoma iko mbali, kama injini ya mutu mwingine chini bondeni. Kisha gitaa: taa za kamiyo ingine zinatokea ndani ya ukungu, zinakuja, zinakuja, hazifiki.

Nilimuuliza Idriss, hii ni nini? Akasema, “Papa, ni muziki wa watu wanaosafiri kati ya nyota.” Nikasema, njia gani hiyo? Akasema, “Njia isiyo na baryeri.”

Mimi niliyesimamishwa kwa kila baryeri, kila kamba iliyofungwa kati ya miti miwili, kila askari aliyetaka sigara toka hapa mpaka Kisangani, nilielewa siku hiyohiyo. Sasa hakuna mutu anayeijua disike hii kama mimi. Hata walioipiga hawaijui kama mimi, sababu wao walipiga mara moja wakaenda kula.

Paulin akauliza, “Na upande wa pili?”

Nikamuambia ukweli. Idriss hakuniruhusu kuigusa. Niliwahi kumukwaruzia disike ya rumba na kidole, akanuna siku tatu. “Mikono yako ni ya kamiyo, papa. Weye shusha sindano tu. Kugeuza ni kazi yangu.” Novemba ya tisini na sita, upande wa kwanza ulikuwa umeisha tu, wakaingia askari waliokuwa wanakimbia vita. Walitaka fundi wa fonie, ile radio yao ya kuongelea. Idriss akachukua bisibisi yake. Pale mulangoni akageuka akaniona nimekaribia fono. “Papa, usiiguse. Nitageuza mwenyewe nikirudi.” Wakamupandisha kamiyo, njia ya Walikale.

Tangu siku ile disike haijatoka juu ya fono, na karatasi yake iko kwenye musumari. Naipangusa vumbi, nashusha sindano, inafika kati, inakwaruza kwa, kwa, kwa, nainua. Upande wa pili siujui na sitaki kuujua. Mutu alisema anarudi.

Paulin akavaa kofia. “Basi muzee umesimama katikati ya njia miaka mitano.”

Nikamuambia ende na chukudu yake.

Tarehe 18 novemba

Siku ya pili ya Ramadhani. Nimesikiliza baada ya alasiri. Inapunguza njaa.

Tarehe 24 novemba

Sasa nimejua nani anasukuma hii gari kwa nyuma. Ni Yusufu, fundi wa nguo wa Birere. Muke wake alikufa na uzazi miaka mitatu iliyopita. Amekuja kufuturu kwangu na tende, amekaa kwenye ukingo wa kiti kama anaogopa kukikunja. Mutu laini sawa na kitambaa. Ameongea mvua, ameongea bei ya uzi, ameongea kila kitu isipokuwa kilichomuleta. Kuluthumu hakutoka jikoni, lakini chai ya leo ilikuwa na tangawizi. Mimi sijawekewa tangawizi tangu Ramadhani ya mwaka jana.

Tende nimekula. Salamu ya kuaga sikujibu.

Tarehe 25 novemba

Nimemuuliza Kuluthumu: “Unataka kumuvua mutoto wangu kama nguo?”

Amesema: “Papa, niko na miaka ishirini na nane. Sina mutoto. Tumbo langu halijui neno ‘ngoja’.”

Amesema vile bila kulia. Ingekuwa heri angelia, ningejua la kufanya.

Tarehe 3 desemba

Amekuja mutu mwembamba, Mushi kwa kabila, wa Bukavu, jina Mulumeoderhwa. Kuluthumu njo alimuleta, alimusikia sokoni. Amekaa chini, amekataa kiti.

“Muzee, walinichukua kubeba masanduku, siku moja na mutoto wako. Alibeba fonie juu ya kichwa tangu Walikale. Mbele ya kufika Lubutu homa ilimushika, na tumbo. Alibaki kando ya muto siku mbili. Nilimuzika na mwenzangu, kwa mikono.”

“Na wewe ulikuwa wapi miaka mitano?”

“Kisangani, muzee. Vita ilifunga njia.”

“Mimi nilienda Kisangani mara mia tatu.”

“Wewe ulikuwa na kamiyo.”

Akatoa bisibisi mufukoni, ya mukono mwekundu, imezungushiwa mupira wa baiskeli. Akasema Idriss aliomba afikishiwe baba yake. Nimeiangalia. Bisibisi kama hizi ziko elfu pale Birere. Si ya Idriss. Naandika: si ya Idriss. Nimeitupa nje, nimemutupa na mwenyewe. Kuluthumu ameenda kuiokota ndani ya matope. Nimemupigia kelele mpaka majirani wametoka, nimesema mbele ya wote kwamba anamutakia bwana yake kifo.

Sikusikiliza leo. Kwa hasira ile ningeivunja sindano.

Tarehe 4 desemba

Mvua. Nimesikiliza mara tatu.

Tarehe 12 desemba

Askari wawili wameingia, mumoja mudogo kuliko viatu vyake.

“Muzee, tunaomba batri.”

“Muombe Mungu.”

“Ni ya kazi. Ya fonie.”

Hapo damu ilinipanda machoni. “Fonie! Mulichukua fundi, sasa munachukua batri. Kesho mutarudia nini, masikio yangu?”

“Muzee, sisi si wale. Wale tuliwafukuza.”

“Viatu ni vilevile.”

Mukubwa wao alinipiga kofi. Jino moja limetoka. Kumi na nane. Batri wameibeba. Kuluthumu alinipangusa damu na pembe ya kitenge chake, na mimi nilimuambia aondoe mukono. Hakuuondoa.

Tarehe 13 desemba

Sikusikiliza.

Tarehe 14 desemba

Sikusikiliza. Mvua ya kijinga.

Tarehe 16 desemba. Idi.

Baada ya sala, Yusufu amesimama mulangoni na batri begani, kanzu yake mpya imepakwa asidi. Kumbe anamushonea kamanda wa askari wale sare. Alikataa kumumalizia suruali mpaka batri itoke. Fundi huyu laini, alimuacha kamanda bila suruali siku ya sikukuu!

Sikumuomba. Nimemuambia hivyo: “Sikukuomba.”

“Najua, papa.”

“Usiniite papa.”

“Sawa, muzee.”

Nimesikiliza. Kanzu ilikuwa nzuri. Nasema kanzu tu.

Tarehe 4 januari 2002

Ardhi imetingishika, sindano imeruka. Mulima unatoa moshi mweusi. Watu wanauliza wazee. Nimewaambia: sabini na saba nilikuwepo, moto ulifika karibu na uwanja wa ndege ukachoka. Wanaojua ni sisi.

Tarehe 12 januari

Kavu. Kutingishika kidogo. Nimesikiliza.

Tarehe 18 januari. Gisenyi.

Naandika chini ya ukuta wa watu nisiowajua, upande wa Rwanda. Jana mulima ulipasuka.

Asubuhi ulipasuka kwa pembeni, si juu kama mulima wenye heshima. Watu wa Munigi walianza kushuka na magodoro. Nilisema utachoka. Adhuhuri walipita wa Majengo. Nilisema utachoka. Baada ya alasiri nikakaa, nikashusha sindano. Ardhi ikawa inaruka, sindano nayo inaruka, narudisha, inaruka. Nilikasirika na mulima kama mutu anavyokasirika na jirani anayepiga ngoma. Kuluthumu akaingia.

“Papa, twende.”

“Haijaisha.”

“Papa! Unaona nyuma ya musikiti?”

Nikaangalia dirishani. Nyuma ya musikiti, pale mutaa ulipokuwa, palikuwa ukuta mweusi wenye mipasuko myekundu, unatembea polepole kama mutu aliyeshiba. Nyumba hazikuanguka. Zilikuwa zinashika moto zikiwa bado mbali nao. Mabati yalikuwa yanalia.

Basi nikasimama. Mimi ambaye kwa miaka makumi ine na moja sikusahau gurudumu la akiba hata siku moja, nilinyosha mukono kwenye musumari, nikachukua karatasi nyeusi yenye nyota, nikaifunga ndani ya koti juu ya kifua, kitabu hiki kikiwa mufukoni, nikatoka. Nilijua nimebeba disike. Mikono yangu ilijua.

Magoti yalikataa kwenye kona ya kwanza. Hapo akatokea Yusufu na chukudu, ameacha cherehani zake Birere zinaungua, amekuja kwetu. Aliniweka juu yake. Mimi! Dereva wa Kisangani, nimekalishwa juu ya mbao kama gunia la viazi, nasukumwa na fundi wa nguo, na watoto wanaangalia. Nilimutukana njia nzima. Yeye anasema tu: “Shika vizuri, muzee, kuna shimo.”

Kabla hatujafika barabara kubwa, Kuluthumu akasimama. “Mutangulie, nakuja.” Akarudi mbio kule kwenye moto. Nilipiga kelele: “Unarudia sufuria! Utakufa juu ya sufuria!” Yusufu alitaka kumufuata, nikamushika shati, sababu nani angesukuma? Tulingoja. Sijawahi kungoja vile, hata pale baryeri ya Lubutu siku mbili. Akatokea ndani ya moshi, nyusi zimeungua, na furushi bapa limefungwa mugongoni na kitenge kama mutoto. Nikamuambia ana roho ya sufuria.

Leo asubuhi, mbele ya watu, nikitaka waone kitu ambacho moto haukukipata, nilifungua koti, nikaingiza vidole ndani ya karatasi.

Hakuna kitu.

Disike ilibaki juu ya fono. Bila shaka ilibaki juu ya fono. Haijatoka juu ya fono miaka mitano. Niliwakataza watu wote kuitoa, na mimi wa kwanza nikajitii.

Tarehe 19 januari

Sitaki kuandika.

Tarehe 21 januari

Tumerudi, watu wote wanarudi, afadhali kulala juu ya moto wetu. Wanasema kituo cha mafuta kimelipuka na watu ndani yake. Nimeenda Mapendo peke yangu. Hakuna Mapendo pale kwetu. Kuna jiwe jeusi, limezidi urefu wa mulango, bado lina moshi. Nimehesabu hatua toka kwenye kipande cha musikiti kinachoonekana, hatua makumi tatu na mbili, nimesimama juu ya chumba changu. Fono iko chini ya miguu yangu. Sapatu zimeanza kuyeyuka. Nimeutukana mulima kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na kwa Kilingala cha askari ambacho kinatosha kwa kazi hiyo. Umebaki vilevile na moshi wake.

Tarehe 23 januari

Paulin Kambere ametuchukua kwake Ndosho, mimi na Kuluthumu. Muke wake, Thérèse, ametupa chumba cha nyuma cha jenereta. Yusufu analala musikitini. Amenunua cherehani moja ya mukono, sindano anaazima.

Tarehe 2 februari

Kavu. Sikusikiliza.

Tarehe 3 februari

Sikusikiliza.

Tarehe 9 februari

Wazungu wameleta mahema na maharagwe. Kijana wa karatasi ameuliza nimepoteza nini. Nimesema: disike. Ameandika “vyombo vya nyumba”. Nimemuambia afute. Hakufuta.

Tarehe 10 februari

Kuluthumu anatwanga, anapika, anashonea Yusufu vifungo kwenye kivuli cha ukuta, Thérèse akiwa kati yao kwa adabu. Hajanikumbusha neno la sheikh tangu moto. Kunyamaza kwake kunaniudhi kuliko kuomba kwake.

Tarehe 26 februari

Mvua ya kwanza. Leo, baada ya alasiri, nimefunga macho nikaanza mwenyewe, kwa mudomo. Upepo. Kinanda. Ngoma nimeipiga juu ya debe. Gitaa kwa pua. Upande wote wa kwanza, dakika ishirini na mbili, bila kosa, Paulin alishika saa. Thérèse aliniletea maji ya chumvi akidhani ni malaria.

Tarehe 27 februari

Nimepiga.

Tarehe 28 februari

Nimepiga. Watoto wa jirani wamekuja kusikiliza, wamecheka, wamebaki.

Tarehe 4 machi

Naandika yote, hata ikimaliza kitabu.

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Nilipiga upande wangu, nikafika pale taa zinakuja na hazifiki, nikanyamaza, sababu pale njo inaisha. Kuluthumu alikuwa mulangoni na kinu chake. Hakunyamaza. Akiwa anatwanga, akaendelea. Kwa pua, chini, kama mutu anayebembeleza mutoto. Gitaa ileile ikasogea, ikakua, ikafika. Ilifika! Ikapita pembeni yangu, nilihisi upepo wake shavuni, ikaanza kwenda kwa nyuma.

“Nani alikuambia uendelee?”

Aliruka, muchi ukamuponyoka. “Njo inaendelea vile, papa.”

“Unajua nini?”

“Upande wa pili. Ulipokuwa njia ya Butembo, Idriss alikuwa ananipigia. Tangu tuoane. Alisema wa kwanza ni wa kwako, wa pili ni wetu.”

Miaka mitano nilijisifu mbele yake kwamba mimi peke yangu naijua, na yeye alikuwa anaijua kwa urefu wake wote, anatwanga sombe. Nilikasirika. Nilitaka kusema neno baya, na nililipata, lakini akanitangulia. Aliingia ndani, akatoka na furushi lililofungwa kitenge, lile la siku ya moto. Akalifungua juu ya magoti yangu. Hakukuwa na sufuria.

“Nilirudi ili nihakikishe inaungua,” akasema. “Naapa, papa. Nilisema ikiungua hii, na mimi nitafunguliwa. Nikasimama mbele yake. Mukono ulikataa. Nikaitoa.”

“Na ukaificha siku makumi ine na sita.”

“Ningekupa, ungekaa tena upande wako mpaka unizike. Na uliniambia nina roho ya sufuria.”

Ndani ya kitenge kulikuwa na disike, haina kitu ila mukwaruzo mumoja pembeni. Na bisibisi ya mukono mwekundu.

Sasa naandika neno ambalo tarehe 3 desemba nilidanganya. Ule mupira wa baiskeli niliuzungusha mimi. Mara tisa, kwenda kushoto, sababu nafunga kwa mukono wa kushoto, na mwisho wake nauchoma na sigara ili usifunguke. Hakuna mutu mwingine Goma anayefunga vile. Niliijua ilipotoka mufukoni mwa yule mutu, kabla hajamaliza kuinyosha. Niliitupa kwenye matope, nikaandika si ya Idriss. Nikaandika mara mbili.

Tarehe 6 machi

Thérèse ana fono ya mujomba wake aliyekuwa katekista. Ilikuwa inashikilia mulango wa banda la kuku. Paulin ameisafisha, ameleta batri bora kuliko zote, amesema hii ni zawadi ya matanga. Nimemuambia nani amesema matanga? Amevua kofia tu.

Walikaa: Paulin, Thérèse, Yusufu kwenye ukingo wa kiti chake. Kuluthumu akaiweka disike upande wa kwanza. Nilishusha sindano mimi. Tulisikiliza mpaka kwa, kwa, kwa. Nikainua. Wote waliangalia mikono yangu.

“Geuza wewe, mama,” nikasema. “Mikono yangu ni ya kamiyo.”

Aligeuza kwa vidole vya pembeni, vizuri sana, kama alivyokuwa anafanya yule. Kile kidonda cha pembeni kinapiga tiki kila muzunguko, na kosa ni la mulima. Taa zilifika. Zilipita. Nyuma yake kuna upepo uleule wa mwanzo, lakini sasa uko mugongoni, na njia iko wazi, na hakuna mutu anayekusimamisha. Unapungua mpaka hujui kama bado unasikia au ni mvua.

Yusufu alikuwa analia. Nilimuuliza analilia nini, na Idriss hakumujua. Akasema: “Sijui, muzee. Nimekumbuka muke wangu.” Sikumucheka.

“Sema papa,” nikamuambia. “Muzee ni wa kila mutu.”

Tarehe 8 machi

Nilimutafuta Mulumeoderhwa siku mbili. Nilimukuta anabeba mawe ya moto kwa wajenzi. Nilitaka kumuomba samahani, na maneno hayo sijawahi kuyazoea. Nilimuuliza kama kaburi liko upande wa kulia au wa kushoto wa muto. Akasema wa kulia, chini ya muti wa mawese. Naujua muto huo. Nimeuvuka mara mia tatu. Nikamuomba aje nami kwa sheikh, akaja.

Mbele ya sheikh nilisema: tulimutafuta mwanangu Idriss, hatukumupata hai. Alikufa kabla ya kufika Lubutu na kuna aliyemuzika. Muke wake akae eda yake, kisha yuko huru. Nilisema kwa sauti, hakuna aliyeomba nirudie.

Tarehe 15 machi

Mvua kubwa. Tumesoma hitima uwanjani kwa Paulin, chini ya hema la wazungu, hivyo hema limefanya kazi moja ya maana. Sombe ilikuwa na chumvi.

Tarehe 17 machi

Ukurasa umebaki mumoja. Bado nina hasira: na mulima, na viatu vya wote walioingia mulangoni mwangu, na wale waliofundisha vijana wetu kubeba fonie badala ya kuzitengeneza. Hiyo hasira nitaondoka nayo. Meno ni kumi na nane.

Asiyeamini niliyoandika asibishane na kitabu, aende kwa watu. Ya batri, amuulize Paulin Kambere, Ndosho, penye jenereta. Ya kaburi, amuulize Mulumeoderhwa, niliyemufukuza na aliyekubali kurudi. Ya chukudu, amuulize Yusufu, ila asimwamini akisema nilikuwa muzito. Ya upande wa pili amuulize Kuluthumu, mutoto wangu. Aliujua kabla yangu.